Msaada: CO inakaa shimoni kwenye shaba, na natakiwa nichague aloi ya kugeuza hewa ukaa kwa hesabu tu

Elektroni Mpweke

Habari zenu wadau, uzi utakuwa mrefu kidogo mnivumilie.

Niko masta ya fizikia, supavaiza kanipa mada ya kutumia kompyuta kutafuta aloi ya shaba itakayokuwa kichocheo kizuri cha kugeuza hewa ukaa (CO2) kuwa vitu vya maana kwa kutumia umeme, yaani ethilini, ethanoli, methanoli na wenzake. Lab ya elektrokemia hatuna kwa iyo kila kitu ni hesabu ya DFT, yaani kukadiria nishati ya atomu na elektroni kwa kompyuta. Natumia programu ya Quantum ESPRESSO coz ni ya bure, laptopu yangu ina RAM ya GB 16 na usiku haizimwi.

Nilivyoelewa ni kwamba watu hawahesabu mchakato mzima toka CO2 mpaka ethilini, wanaangalia tu CO (kaboni monoksidi) inashika juu ya metali kwa nguvu kiasi gani, wanachora grafu wanachagua. Nikaanza na shaba tupu, uso wa 111 (namna kristali ilivyokatwa), slabu ya leya nne za atomu, fankshonali ya PBE, yaani fomula ya kukadiria elektroni zinavyoathiriana. Sasa mambo mawili yananivuruga.

La kwanza, nikiiweka CO juu ya atomu moja ya shaba, halafu nikaiweka kwenye lile shimo katikati ya atomu tatu, kompyuta inaniambia shimoni ndo inatulia zaidi. Ila pepa zote za majaribio zinasema kwenye shaba CO inasimama juu ya atomu moja, wima kabisa. Nimeongeza k-pointi, nimeongeza katofu, nimeongeza vakyumu, yaani mipangilio yote ya usahihi, jibu ni lile lile.

La pili, tuseme namba imekaa sawa. Hivi namba moja ya CO inawezaje kunieleza kwamba aloi hii itatoa ethilini na ile itatoa hidrojeni tupu? Mi naona kama kupiga ramli. Naombeni mnisaidie kabla sijarudi kwa supavaiza.

Mzee wa Klasta

Karibu chamani mkuu. Hilo la kwanza lisikukoseshe usingizi, laptopu yako ni nzima na k-pointi hazina kosa. Huo ni ugonjwa wa PBE na ukoo wake, unajulikana tangu 2001 Feibelman na wenzake walipoandika kuhusu CO juu ya platinamu 111, fankshonali zote za kawaida zilikuwa zinaitupa CO shimoni wakati majaribio yanaiona juu ya atomu. Shaba nayo ina tatizo hilo hilo.

Chanzo chake ni hiki. CO inashikana na metali kwa njia mbili kwa wakati mmoja, inatoa elektroni kidogo kupitia upande wa kaboni, na yenyewe inapokea elektroni za metali kwenye obiti yake iliyo tupu. PBE inaiweka hiyo obiti tupu chini mno kinishati, kwa iyo elektroni za metali zinaingia kirahisi kuliko hali halisi, na shimoni kuna atomu tatu za kuchangia badala ya moja, lazima papendelewe. Ukiongeza k-pointi mpaka kesho haitabadilika maana kosa liko kwenye nadharia yenyewe, haliko kwenye usahihi wa hesabu.

Dawa ya kawaida ni RPBE, ile ya Hammer, Hansen na Nørskov ya 1999, au BEEF-vdW ya 2012. Kwenye faili la inputi unaongeza mstari wa input_dft basi. Ila sikiliza vizuri, ukibadilisha fankshonali usibebe latisi ya zamani (kipimo cha kristali). Shaba halisi ni 3.61 Å, PBE inaivimbisha kidogo tu, RPBE inaivimbisha zaidi, kama 3.68 hivi. Ukiacha ile ya PBE slabu yako inakuwa imebanwa kwa pembeni na mshiko unabadilika bila wewe kujua. Relaksi (acha atomu zitulie) shaba nene kwanza, pata latisi, kata slabu, gandisha leya mbili za chini, ndo uweke CO.

Kwa RPBE shimo na juu ya atomu bado vinaweza kukaribiana sana, usishtuke. La maana ni kwamba nishati yenyewe inashuka mpaka karibu na majaribio, ambayo kwa shaba 111 ni kama −0.5 eV (eV ni kipimo cha nishati). PBE inazidisha pale. Na wewe unachotaka ni kulinganisha aloi na aloi, kosa likiwa la upande mmoja kwa zote linakatana sehemu kubwa. Nimesema sehemu kubwa, sijasema lote.

Bi Kemia

Mdogo wangu Elektroni, nikujibu la pili maana hapo ndo utamu ulipo.

Sio ramli. Miaka ya 80 Yoshio Hori wa Chuo Kikuu cha Chiba kule Japani alichukua metali moja moja, akaiweka kwenye maji yenye chumvi yaliyojaa CO2, akapitisha umeme akapima kinachotoka. Ripoti ya shaba ilitoka 1985. Matokeo yakajipanga makundi manne bila kulazimishwa. Dhahabu, fedha na zinki zinatoa CO na kuishia hapo. Bati, risasi, indiamu na zebaki zinatoa fometi (chumvi ya asidi ya fomiki). Platinamu, nikeli na chuma zinakupa karibu hidrojeni tupu. Shaba iko peke yake, inatoa methani, ethilini na ethanoli. Kati ya metali tupu hakuna nyingine inayofanya hivyo kwa kiwango cha maana, mpaka leo.

Sasa chukua makundi hayo uyapange kwa namba mbili, CO inashika kiasi gani na H inashika kiasi gani. Dhahabu CO inaishika legelege, ikitengenezwa tu inaondoka, bidhaa yako ni CO. Platinamu inaing'ang'ania, uso wote unajaa CO na panapobaki nafasi inashughulika na hidrojeni. Shaba iko katikati kwa CO na hapo hapo haiipendi sana H. Ni kama konda wa daladala, akikushusha mapema hujafika, akikuzuia mlangoni unapitilizwa kituo. Hiyo ndo kanuni ya Sabatier, Mfaransa aliyepata Nobel 1912, na kwa taarifa yako huyo huyo ndo aliyegundua kwamba CO2 na hidrojeni juu ya nikeli ya moto zinatoa methani.

Kwa iyo namba ya CO haikuambii bidhaa. Inakuambia aloi yako inaangukia ujirani gani. Ukitaka kujua ethilini au methani lazima ushuke ndani zaidi.

Na hapa ndo aloi zinapoingia. Mwaka 2010 Peterson, Nørskov na wenzao walifuata hatua zote juu ya shaba 211, ile yenye ngazi, wakaona kikwazo kikubwa ni pale CO iliyonasa inapoongezewa H moja kuwa CHO. Hatua hiyo inapanda kama 0.74 eV, kwa iyo lazima usukume na volti hasi karibu kiasi hicho ndo mambo yaende. Utasema basi nitafute metali inayoishika CHO vizuri zaidi. Tatizo ni kwamba CO na CHO zote mbili zinashika kwa kaboni ile ile, ukikaza moja unakaza na nyingine, zinapanda na kushuka pamoja kwenye mstari mmoja. Ukiwa na metali tupu huwezi kutoka kwenye mstari huo hata uhangaike vipi.

Aloi inakupa ujanja. Weka jirani ya shaba atomu inayopenda oksijeni, CHO inaweza kulala ikashika kwa kaboni upande mmoja na kwa oksijeni upande mwingine, CO iliyosimama wima haifaidiki na hilo. Mstari unavunjika kidogo. Kidogo hicho ndo watu wanachokitafuta.

Elektroni Mpweke

Aisee Bi Kemia nimesoma mara mbili, asante sana. Mzee wa Klasta shikamoo, nimeshaanza kurelaksi latisi kwa RPBE.

Swali dogo, hii −0.5 eV ni ya kulinganisha moja kwa moja na grafu za watu? Maana kuna pepa zina namba za karibu na sifuri kabisa nikadhani ni metali tofauti.

Mzee wa Klasta

Marahaba.

Hapana, hizo za karibu na sifuri ni nishati huru, zimeshatiwa entropia. CO ikiwa gesi inarukaruka sandukuni, ikinasa inapoteza uhuru huo, na kwa nyuzi 25 uhuru huo una thamani ya kama 0.61 eV. Ukiuondoa kwenye −0.5 unabaki jirani na sifuri, kuna marekebisho mengine madogo ya mitetemo. Ndo maana shaba ni shaba, CO inakaa lakini haijajenga. Kabla ya kulinganisha na mtu angalia kwanza kaandika E (nishati tupu) au G (nishati huru), nimeona thesisi za watu zinachanganya hizo mbili kwenye grafu moja na mwalimu kasaini.

Kuhusu umeme usihangaike kuweka protoni kwenye maji. Tumia ujanja wa Nørskov wa 2004, protoni moja na elektroni moja kwa volti sifuri ya RHE (elektrodi rejea ya hidrojeni) zinahesabiwa sawa na nusu ya H2, halafu kila elektroni inayoingia unaisogeza hatua kwa eU, yaani chaji ya elektroni mara volti. Laptopu inaweza.

Mlalahoi wa Mbagala

Mmeongea vizuri wataalam ila mi niulize swali la kijinga. Huo umeme wa kugeuza hiyo hewa unatoka wapi? Maana kama unachoma makaa upate umeme uje ugeuze moshi wa makaa, si tunazunguka mbuyu?

Bi Kemia

Kaka Mlalahoi hilo swali sio la kijinga, ndo swali la kwanza anapaswa kujiuliza kila mtu wa fani hii.

Piga hesabu. Molekuli moja ya ethilini inakula elektroni 12. Kilo moja ya ethilini ina moli kama 35.7, ukizidisha kwa 12 na kwa namba ya Faraday (chaji ya moli moja ya elektroni), halafu seli yako ikiwa inaendeshwa kwa volti 3, unapata karibu uniti 34 za umeme kwa kilo, na hapo umedhani kila elektroni imeenda kwenye ethilini. Zikienda asilimia 80 tu inakuwa uniti 43. Hewa ukaa yenyewe unahitaji zaidi ya kilo 3 kwa kilo moja ya ethilini. Kwa umeme wa makaa umeongeza moshi badala ya kupunguza, wala halina ubishi. Inaanza kuleta maana kwa maji, jua, upepo au jotoardhi.

Na ndo maana kichocheo kina thamani. Sehemu ya hizo volti 3 ni kodi ya lazima ya thamodainamiki, nyingine ni hasara ya kusukuma ile hatua ya CHO na wenzake, na nyingine upande wa pili wa seli ambako oksijeni inatoka. Aloi nzuri inapunguza hasara ya katikati na inazuia elektroni zisiishie kwenye hidrojeni. Haipunguzi ile ya lazima.

Nyota ya Rungwe

Huku kwetu Rungwe hewa ukaa inatoka ardhini yenyewe watu wanaifunga kwenye mitungi ya viwandani. Haiwezi kutumika hiyo?

Bi Kemia

Inaweza, na chanzo safi namna hiyo ni bahati, wenzetu wanatumia hela nyingi kuitenganisha na moshi. Kinachokwamisha ni umeme wa bei rahisi. Iceland walifanya kitu cha karibu na hicho, kiwanda cha George Olah pale Svartsengi kilikuwa kinachukua hewa ukaa ya kituo cha jotoardhi, wakatengeneza hidrojeni kwa umeme, wakachanganya wakapata methanoli, uwezo wake ulikuwa tani 4,000 kwa mwaka. Kule Anyang, China, kuna kingine cha teknolojia hiyo hiyo ya kuchanganya kilianza 2022, kimejengwa kwa tani 110,000 kwa mwaka. Ila angalia, hizo ni za joto na presha juu ya vichocheo vya shaba, sio umeme moja kwa moja kwenye CO2 kama anavyofanya Elektroni.

Kwenye njia hiyo ya joto pia kompyuta imeshafanya kazi ya kueleweka. Viwandani wanatumia shaba, oksidi ya zinki na alumina, nyuzi 200 mpaka 300, presha bar 50 mpaka 100. Mwaka 2014 Felix Studt na wenzake walipita kwenye aloi nyingi kwa DFT wakachagua nikeli na galiamu, ikaenda lab, Ni5Ga3 ikatoa methanoli kwa presha ya kawaida ya hewa na ikatoa CO ya pembeni kidogo kuliko ile ya viwandani. Nikeli peke yake ingekupa methani, galiamu ndo imeituliza. Mtu wa majaribio asingeianza hiyo kwa kubahatisha.

Fundi Elektrodi

Salaam wote. Mi nakaa upande wa pili wa hii mambo, niko kwenye lab ya elektrolaiza huku Ujerumani, na naomba niwamwagie maji baridi kidogo watu wa hesabu, bila ubaya.

Ile slabu ya leya nne uliyochora Elektroni, mimi sijawahi kuiona. Shaba ninayoiweka kwenye seli asubuhi sio ninayoitoa jioni. Ikiwekwa hewani inapata oksidi, ukiwasha umeme oksidi inaondoka na atomu zinajipanga upya, kona zinatokea, sehemu zilizokuwa laini zinakuwa na chunusi. Aloi ndo balaa zaidi. Weka alumini kwenye shaba halafu itumbukize kwenye KOH (potasiamu hidroksidi, alkali ya kwenye seli), alumini inaanza kuyeyuka wakati wewe bado unafunga nati. Weka paladiamu au nikeli, CO yenyewe inaivuta ipande juu kwa sababu inaipenda kuliko shaba, baada ya muda uso wako sio ule wa pepa.

Na hapo hatujagusa uchafu. Chuma kidogo sana kilichomo kwenye chumvi ya kawaida ya dukani kinatosha kujipaka juu ya shaba na kuua ethilini, unabaki na hidrojeni, unakaa unalaumu aloi ya watu. Hori mwenyewe ndo aliyeonyesha kwamba ukisafisha maji ya chumvi kwa umeme kabla, shaba inaacha kufa mapema.

Jambo lingine halipo kabisa kwenye DFT, CO2 inakutana na KOH inakuwa kabonati. Sehemu nzuri tu ya hewa ukaa yako inaliwa hapo kabla haijafika kwenye kichocheo. Ukifungua seli unakuta nyuma ya elektrodi, kwenye ile karatasi ya kaboni inayopitisha gesi, chumvi nyeupe imejazana imeziba vitundu, gesi haipiti tena, maji yameingia, mchezo umeisha. Kichocheo hakina kosa hata moja.

Mzee wa Klasta

Fundi karibu, na nakubali karibu yote. Ila usituuzie kwamba hesabu ni za kuchorea tu. Hakuna mtu mwenye akili anayesema DFT inatabiri ethilini ya seli yako. Inachuja. Kwenye aloi elfu, kuna mia tisa na ushee ambazo hazifai kwa sababu za wazi, zinang'ang'ania CO, zinashika H kupita kiasi, au hazipo kabisa kama kampaundi imara. Wewe Fundi utatumia miaka mingapi kuzitengeneza zote hizo?

Fundi Elektrodi

Hilo sibishi mzee. Nabisha mtu akiniletea orodha ya aloi kumi bora zimepangwa moja mpaka kumi kwa tofauti ya 0.03 eV.

Mzee wa Klasta

Hahaha hapo umenishika, na mimi huwa nawarudishia. Elektroni hii iandike ukutani. Kwa joto la chumba, kosa la 0.1 eV kwenye kizuizi cha nishati linabadilisha kasi ya mmenyuko kama mara 50. Kosa la 0.2 ni zaidi ya mara 2,000. Na fankshonali zetu zina makosa ya ukubwa huo. Kwa iyo usiseme aloi A ni bora kuliko B kwa 0.03. Sema hizi ziko kwenye dirisha, hizi haziko, basi.

Elektroni Mpweke

Duh. Sasa wakuu mbona kuna watu wanatumia akili bandia wanapita kwenye maelfu ya aloi kwa mara moja? Supavaiza ananisukuma huko, anasema DFT peke yake imepitwa na wakati.

Mzee wa Klasta

Haijapitwa, akili bandia hiyo inafundishwa kwa DFT. Kosa la mwalimu wake linarithiwa na mwanafunzi.

Mfano mzuri ni wa 2020 kwenye Nature, kundi la Ulissi la Carnegie Mellon na la Sargent la Toronto. Walichukua kampaundi 244 zenye shaba, wakazikata nyuso za kila aina, wakapata sehemu karibu 229,000 ambapo CO inaweza kukaa. Huwezi kuzihesabu zote kwa DFT. Wakahesabu chache, wakafundisha modeli, modeli ikasema hapa na hapa panaonekana pazuri, wakahesabu pale, wakaifundisha tena, mzunguko ukaenda mpaka hesabu kama 4,000 hivi. Shaba na alumini ndo ikajitokeza kuwa na sehemu nyingi za aina tofauti zenye mshiko unaotakiwa. Ikaenda lab ikatoa ethilini kwa asilimia 80 ya elektroni, kwa mkondo wa miliampia 400 kwa sentimita ya mraba. Hiyo ni matokeo ya kuheshimika.

Ona walichokitafuta. Hawakutafuta sehemu moja nzuri kuliko zote. Walitafuta aloi ambayo hata uso ukivurugika, kona yoyote utakayoangukia kuna uwezekano mkubwa iwe nzuri. Hapo wamemjibu Fundi kwa lugha yake.

Mwaka huo huo ukatoka mradi wa Open Catalyst, Facebook na Carnegie Mellon, data ya OC20, relaksesheni zaidi ya milioni 1.2, elementi 55, vitu vinavyonasa 82, yote kwa RPBE, na iko wazi mtu yeyote anapakua. Modeli zilizofundishwa nayo unaweza kuziendesha kwenye laptopu yako hiyo hiyo, sekunde badala ya usiku kucha. Tumia kuchuja, halafu zile chache zilizobaki zirudie kwa DFT mwenyewe. Ukichukua namba ya modeli ukaibandika kwenye thesisi bila kuikagua, mtahini akiuliza ulikaguaje utatoka jasho.

Fundi Elektrodi

Ile ya alumini nakubali ni kazi nzuri. Na wenyewe alumini nyingi waliiondoa makusudi kwa kemikali, wakabaki na shaba yenye vitundu na alumini kidogo ndani. Wakati kwenye hesabu ni kristali safi. Nilitaka tu liingie kwenye rekodi.

Bi Kemia

Elektroni nikuongezee kitu supavaiza asije akakukamata. Kama lengo lako ni ethilini usiishie kwenye CHO. Ethilini ina kaboni mbili, kwa iyo CO mbili lazima zikutane zishikane juu ya uso, na hilo linapenda uso wa 100 wa shaba, ule ambao atomu zake zimepangwa mraba. Hori aliliona kwenye kristali moja moja, 111 inaegemea methani, 100 inaegemea ethilini. Kwa iyo thesisi nzima ukiifanya kwenye 111 kwa sababu ndo rahisi kuchora, halafu kichwa cha habari kinasema ethilini, itakuwa aibu. Hesabu zote nne pamoja, yaani CO, H, CHO na zile CO mbili zilizoungana, kwenye 100 na kwenye 211.

Elektroni Mpweke

Nimeelewa. Sasa kwa laptopu ya GB 16 nitaweza kweli? Slabu ya 3x3 leya nne ni atomu 36 za shaba kabla sijaweka chochote.

Mzee wa Klasta

Fanyia majaribio kwenye 2x2, shaba 16 na CO yako, inaenda. Zile za mwisho tu ndo upeleke 3x3. Smiaringi (kulainisha ujazaji wa elektroni) tumia ile ya Marzari na Vanderbilt, kama 0.01 au 0.02 Ry. Weka masahihisho ya daipoli maana unaweka molekuli upande mmoja. Nikeli ikiingia washa spini maana ina usumaku. Na aloi zako zisizidi tano au sita, chagua zilizopo kweli kwenye hifadhidata ya Materials Project zikiwa imara, usitunge.

Kuhusu mashine, ulizia klasta (kompyuta nyingi zilizounganishwa) chuoni kwanza, vyuo vingi vinayo imelala haina mtu. Na fuatilia shule ya ASESMA, ni ya Waafrika wa DFT, ilianza Cape Town 2010, 2012 ilikuwa Eldoret, 2018 Addis Ababa, wanafundisha Quantum ESPRESSO hii hii unayotumia na unatoka na watu wa kushirikiana nao wenye mashine. Mimi mwenyewe wengi ninaosaidiana nao nimewapata kwenye shule za namna hiyo.

Fundi Elektrodi

Ongeza hesabu moja kwa kila aloi, sio ghali. Chukua atomu ya metali ya pili, ibadilishane na shaba kati ya leya ya juu na ya pili, pima nishati. Halafu rudia CO ikiwa imekaa juu. Ukiona bila CO inapenda kuzama na kukiwa na CO inapenda kupanda, andika hivyo kwenye thesisi, maana huo uso hautakaa kama ulivyouchora. Mtu wa lab akisoma hiyo aya ataamini na zile nyingine.

Elektroni Mpweke

Sawa mkuu naiweka. RPBE kwenye 2x2 imeshamaliza ya juu ya atomu, ya shimoni inaendelea. Nikiweka zinki kama metali ya pili nianzie na Cu3Zn au nibadilishe atomu moja tu kwenye slabu ya shaba?

Mzee wa Klasta

Atomu moja kwanza. Zinki kidogo inayeyuka ndani ya shaba kawaida, ndo shaba nyeupe hiyo ya mafundi, kwa iyo hakuna atakayekuuliza kama ipo. Tuma inputi hapa kabla hujairusha, safari hii nitaangalia hizo k-pointi.